Alphonse Mucha, mchoraji wa matangazo

Wako watu wanaosema kwamba mtu anayechora sanamu ili biskuti zinunuliwe si fundi wa kweli. Ni mfanyabiashara mwenye kalamu. Wengine huwajibu kwamba sanamu nzuri ni nzuri tu, hata ikibandikwa juu ya mkebe wa biskuti. Ubishi huu hauamuliwi kwa maneno matupu. Afadhali tumtwae mtu mmoja, tuzitazame kazi zake moja moja, tuone zimewafanyia watu nini. Mtu huyo ni Alphonse Mucha, Mcheki aliyezaliwa mwaka 1860 na kufa mwaka 1939. Hata leo nyuso za wanawake aliowachora, wenye nywele ndefu zinazojipinda kama mizabibu, zinauzwa juu ya kalenda, vikombe na kadi katika nchi nyingi, na wengi wanaozinunua hawajui jina lake.

Iko pia sababu inayotuhusu sisi Wakristo. Mucha alijifunza uzuri kanisani. Kisha alichukua duara ya nuru, ile tunayoiona nyuma ya vichwa vya watakatifu, akaiweka nyuma ya kichwa cha mchezaji wa jukwaani, na mahali pa duara hiyo akaweka hata jina la karatasi za sigara. Je, alikosa heshima kwa vitu vitakatifu? Au aliwagawia watu wa njiani sehemu ya uzuri ambao bila yeye wasingeuona? Ndilo swali la makala haya.

MTOTO WA WAIMBAJI

Mucha alizaliwa tarehe 24 Julai 1860 katika mji mdogo wa Ivančice, nchi ya Moravia. Wakati ule Moravia ilikuwa chini ya Kaisari wa Austria. Baba yake alikuwa mtumishi wa baraza la hukumu. Mama yake alikuwa binti wa mwenye kinu cha kusaga ngano. Husimuliwa kwamba mama alimfungia kalamu shingoni kwa uzi, mtoto apate kuchora sakafuni hata kabla hajajua kutembea. Fedha za masomo zilikuwa haba nyumbani, na sauti yake ndiyo iliyomfungulia mlango: alipokewa katika kundi la waimbaji wa kanisa kuu la Mtakatifu Petro mjini Brno, na kwa njia hiyo akaweza kusoma.

Basi tumfikiri mtoto huyu, kila siku kuu amesimama karibu na altare yenye dhahabu, mishumaa inawaka, moshi wa ubani unapanda, na watakatifu wanamtazama kutoka ukutani. Mambo hayo hayakumtoka tena. Maisha yake yote, alipotaka kuonyesha kwamba kitu ni kizuri, alikionyesha kwa vyombo vya kanisa: dhahabu, maua, vazi refu lenye mikunjo, na duara nyuma ya kichwa.

Lakini njia yake haikuwa nyepesi. Mwaka 1878 aliomba kuingia chuo cha ufundi wa kuchora mjini Praha, wakamkataa na kumshauri atafute kazi nyingine. Mwaka uliofuata akaenda Vienna kupaka rangi mapazia ya majumba ya michezo. Tarehe 8 Desemba 1881, siku kuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, jumba kubwa lililoitwa Ringtheater liliteketea kwa moto na mamia ya watu wakafa. Jumba hilo ndilo lililokuwa likiwapa mabwana zake kazi nyingi, na Mucha akafukuzwa kazini. Akafika Mikulov, mji mdogo wa Moravia, akawa akichora nyuso za wenyeji apate chakula na malazi. Tuikumbuke habari hii: tangu ujana wake, kuchora uso wa mtu kulikuwa kwake njia ya kupata mkate.

Huko tajiri mmoja, Hesabu Khuen Belasi, alimpenda kwa kazi yake akamlipia masomo, kwanza Munich, kisha Paris. Mwaka 1889 msaada ule ulikatika. Mucha akabaki Paris bila msaada, akachora sanamu za vitabu na za magazeti ya watoto. Alikuwa mfanyakazi hodari, asiyejulikana na mtu, mpaka alipotimiza miaka 34.

SIKU YA MTAKATIFU STEFANO

Habari ya bahati yake husimuliwa hivi. Tarehe 26 Desemba 1894, siku ya Mtakatifu Stefano, Mucha alikuwa katika kiwanda cha kupiga chapa cha Lemercier, akimsaidia rafiki aliyekwenda likizo. Sarah Bernhardt, mchezaji wa jukwaani mashuhuri kuliko wote katika Ufaransa, akaagiza tangazo jipya la mchezo wake uitwao Gismonda, nalo litundikwe njiani siku ya mwaka mpya. Wachoraji wa kiwanda walikuwa wamekwenda kupumzika kwa Noeli. Aliyekuwapo ni Mucha tu. Tarehe 1 Januari 1895 tangazo lilikuwa kutani, na watu wa Paris wakasimama kulitazama. Wapenzi wa sanamu waliwahonga wabandikaji wapate karatasi moja, wengine wakaja usiku na wembe kuikata ukutani.

Walishangaa nini? Yatupasa kujua kwamba kuta za Paris zilikuwa zimejaa matangazo ya rangi kali. Jules Chéret, mwalimu wa ufundi huo, alichora wanawake wanaocheka na kurukaruka katika manjano na wekundu. Tangazo lake lilipiga kelele kama mchuuzi sokoni. Tangazo la Mucha lilinyamaza. Ni karatasi ndefu na nyembamba, kimo chake kinapita meta mbili, upana haufiki hata meta moja. Ndani yake Sarah Bernhardt amesimama kwa kimo cha mtu mzima, amevaa vazi zito la dhahabu kama mavazi ya kanisa la Mashariki, ana maua kichwani, na mkononi ameshika tawi la mtende, kwa kuwa mchezo ule unaishia katika maandamano ya Dominika ya Matawi. Nyuma ya kichwa chake pana upinde wa vijiwe vya rangi, kama upinde tunaouona juu ya sanamu ya mtakatifu, na katika upinde huo limeandikwa jina: BERNHARDT. Rangi ni za kupoa. Katikati ya soko la makelele, mtu mmoja alisema kwa sauti ya chini, na wote wakageuka.

Hapa ufundi wake waonekana wazi. Sarah Bernhardt alikuwa na miaka hamsini. Mwanamke wa tangazo hana miaka. Mucha hakuchora kasoro za ngozi wala uchovu wa macho. Alichora mstari mmoja mzito unaouzunguka mwili wote, na ndani yake mistari myembamba. Hakuchora uso ambao Sarah aliuona katika kioo asubuhi. Alichora ule ambao watu walikuwa wakiulipia ili wauone jioni.

Je, huo ni uongo? Si rahisi kujibu. Mchoraji wa sanamu takatifu naye hachori makunyanzi ya Mtakatifu Nikolao. Anachora mtu aliyekwisha kugeuzwa na neema, na kila anayeitazama sanamu anajua hivyo. Kazi ya Mucha inafanana na kazi hiyo kwa mkono, lakini si kwa maana. Katika sanamu takatifu neema ndiyo imemgeuza mtu; katika tangazo ni kalamu. Tofauti hii tuishike, maana tutaihitaji.

Sarah Bernhardt alifurahi sana, akamfunga Mucha kwa mapatano ya miaka sita. Yakafuata matangazo ya michezo mingine: La Dame aux Camélias na Lorenzaccio mwaka 1896, La Samaritaine mwaka 1897, Médée mwaka 1898, Hamlet na La Tosca mwaka 1899. Yote ni marefu na membamba, mtu mmoja amesimama, jina juu, maandiko chini. Yale ya La Samaritaine yanamwonyesha mwanamke wa kisimani tunayemjua kwa Injili ya Mtakatifu Yohane, ana mtungi wake, na katika duara ya nuru zimeandikwa herufi za Kiebrania za jina la Mungu. Ni kazi nzuri sana. Lakini mtazame vizuri: ni Msamaria, au ni Sarah Bernhardt? Duara ile inamheshimu Mungu aliyemsamehe mwanamke, au inamheshimu mchezaji? Mucha hakutujibu, na nadhani hakujiuliza.

DUARA YA NURU NA KARATASI ZA SIGARA

Baada ya hayo wafanyabiashara wote walimtaka. Kiwanda cha Champenois kilimfunga kwa mapatano. Akachora matangazo ya biskuti za Lefèvre-Utile, ya divai za Ruinart na Moët & Chandon, ya baisikeli, ya bia, ya chakula cha Nestlé. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mchoro uliandikwa juu ya jiwe kwa kalamu ya mafuta, kila rangi ikawa na jiwe lake, na karatasi ikapita juu ya mawe yote, moja baada ya lingine, bila kuteleza hata kidogo. Mchoraji asiyejua kazi ya jiwe huharibu kazi ya wenzake. Mucha aliijua, nayo inaonekana katika rangi zake chache zilizotulia pamoja.

Mashuhuri kupita yote ni tangazo la mwaka 1896 la karatasi za kusokotea sigara ziitwazo JOB. Mwanamke ameinua kichwa, macho ameyafumba, mdomo umefunguka kidogo, sigara iko mkononi, na moshi unapanda ukijipinda pamoja na nywele zake nyingi. Pembeni pana mpaka kama wa vijiwe vya kanisa la kale. Na nyuma ya kichwa, mahali pa duara ya nuru, yako maandiko JOB.

Kwa ufundi sioni kosa. Moshi na nywele vimekuwa kitu kimoja, na jicho la mtazamaji linapanda polepole, linazunguka, linarudi kwenye jina la bidhaa bila kujua kwamba limeongozwa. Wakosoaji wa Ufaransa waliuita ufundi wa namna hii mtindo wa tambi, kwa ajili ya mistari yake isiyokoma. Maskhara hayo hayana haki kwa Mucha, kwa kuwa mistari yake ina mahali inapokwenda.

Lakini neno langu ni juu ya macho. Mwanamke wa JOB ameyafumba. Gismonda anatazama juu, kwenye tawi lake. Yule wa La Dame aux Camélias anatazama kando. Wako wengine katika matangazo ya Mucha wanaotutazama, ni kweli, lakini wanatutazama kama mwenye duka anavyotazama mlangoni: karibu, nunua, nenda kwa amani. Hawatuombi kitu. Uzuri wao ni mlango uliofungwa na kupakwa rangi. Mmoja tu namtoa katika hesabu hii, naye ni Médée, mama aliyewaua watoto wake mwenyewe. Amesimama na kisu chenye damu, macho yameduwaa, na kila aliyepita njiani alilazimika kuyakuta macho hayo. Kazi hiyo yaonyesha kwamba Mucha alijua kuchora macho yanayouliza. Wafanyabiashara hawakumwagiza macho ya namna hiyo, kwa sababu hayauzi biskuti.

Tumpe haki yake pia. Mucha alifurahi kwamba sanamu zake zilikuwa kutani na si katika vyumba vya matajiri tu. Mwaka 1896 alitoa sanamu nne za majira ya mwaka, zilizopigwa chapa bila tangazo lolote, ambazo watu wenye fedha kidogo waliweza kuzinunua na kupamba nyumba zao. Fundi wa viatu akienda kazini asubuhi aliona bure kazi ambayo hapo zamani ni mtawala tu aliyeweza kuiagiza. Hilo si jambo dogo. Asiyependa uzuri wa namna hiyo na aseme ni uzuri gani mwingine aliowapelekea watu wa njiani.

SALA ILIYOPIGWA CHAPA

Mucha mwenyewe hakuridhika. Kabla ya mwisho wa karne, mwaka 1899, alitoa kitabu kiitwacho Le Pater, yaani Baba Yetu. Kila ombi la Sala ya Bwana lina ukurasa wa mapambo, ukurasa wa maelezo, na sanamu kubwa isiyo na rangi nyingi: watu wanyonge gizani, wengi sana, wakitafuta nuru iliyo juu yao. Hakuna mzee mwenye ndevu juu ya wingu, wala mwanamke mwenye maua. Mucha alikihesabu kitabu hiki kati ya kazi zake bora.

Yatupasa kusema kweli yote. Mwaka uliotangulia, 1898, Mucha alikuwa ameingia chama cha Wamasoni mjini Paris, chama ambacho Kanisa linawakataza waamini wake, na baadaye akawa mkubwa wao katika nchi ya Wacheki. Basi maelezo ya kitabu hiki si mafundisho ya katekisimu, wala msomaji asiyatafute hayo humo. Lakini sanamu zake zinasali kuliko maelezo. Mtu aliyechora umati ule gizani alijua njaa ya wanadamu.

Nalo liko jambo la kusikitisha. Tangazo la sigara lilibandikwa kila njia. Le Pater ilipigwa chapa 510 tu, 390 kwa Kifransa na 120 kwa Kicheki. Uso wa kuuza ulikwenda kwa watu wote. Sala ilikwenda kwa wachache wenye fedha. Sisemi hivyo kumlaumu Mucha peke yake. Ndivyo fedha inavyochagua kitakachoonekana na kitakachofichwa, kama hakuna mtu wa kuipinga.

MSICHANA MWENYE VITABU

Mwaka 1900 yalifanyika Maonyesho makubwa ya Paris. Serikali ya Austria ilimwagiza Mucha kupamba nyumba ya Bosnia na Herzegovina, nchi ambazo Austria yenyewe ilikuwa imezitwaa. Akasafiri kwa Waslavo wa kusini, akaona maisha yao, na moyo wake ukamchoma: yeye Mslavo alikuwa anapamba nyumba ya mtawala wa ndugu zake. Hapo akaazimia kuchora historia ya mataifa ya Waslavo yote. Kazi kubwa hivyo yataka fedha nyingi. Toka mwaka 1904 akaanza kwenda Marekani kuzitafuta, akifundisha na kuchora nyuso za matajiri kwa rangi za mafuta. Mwaka 1906 alimwoa Marie Chytilová, msichana Mcheki. Mwaka 1909 tajiri Charles Richard Crane wa Chicago alikubali kulipia kazi ile kubwa.

Mucha alikuwa amemchora binti wa Crane huyo, aitwaye Josephine, katika sura ya Slavia, yaani mama wa Waslavo wote. Baada ya mwaka 1918, Chekoslovakia ilipopata uhuru, Mucha aliichorea nchi yake stempu na noti za fedha, na uso ule wa Slavia ukatumika katika noti ya koruna 100. Kumbe uso wa taifa jipya ulikuwa uso wa binti wa Mmarekani! Watu wengine hucheka. Mimi naona hapo nguvu na udhaifu wa mtindo wa Mucha pamoja. Uso ukisafishwa mno waweza kuwa wa mtu yeyote. Basi waweza pia kuuza kitu chochote, biskuti au uhuru.

Lakini mwaka 1912 alikuwa amechora tangazo jingine. Wacheki wa Moravia walitaka shule za watoto wao katika lugha yao, na chama chao kikafanya bahati nasibu kupata fedha. Mucha akawachorea tangazo. Nyuma amekaa mwanamke aliyekata tamaa, ndiye nchi yenyewe, juu ya mti uliokauka. Mbele amesimama msichana mdogo, amekumbatia vitabu na kalamu zake, na anatutazama. Hatabasamu. Hana maua. Macho yake yanasema: Nimekwisha kuwa tayari, na ninyi je?

Hili ni tangazo kama yale mengine. Lina maandiko, lina mpaka, lilipigwa chapa kwa mawe yale yale, likabandikwa kutani watu watoe fedha. Mkono ni ule ule uliochora JOB. Kilichobadilika ni kimoja: uso huu unatuuliza neno. Mtu aliyepita mbele ya JOB aliweza kununua au kutonunua, na moyo wake usimsumbue. Aliyepita mbele ya msichana huyu alichukua deni.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1922, alifanya hivyo tena. Njaa kali ilikuwa inawaua watu wa Urusi, na Mucha akachora tangazo la kuomba msaada kwa ajili ya watoto, liitwalo Russia Restituenda. Mama wa shamba amempakata mtoto aliyekwisha nguvu. Kila Mkatoliki akiiona sanamu hii anamkumbuka mara moja Bikira Maria na Mwanawe, aliyempakata mtoto, na tena aliyepakata maiti. Uzuri wa kanisa alioujua Mucha utotoni umerudi hapa mahali pake, penye mateso na huruma. Hauuzi sigara tena.

VITAMBAA ISHIRINI

Kazi kubwa aliyoiazimia, iitwayo kwa Kicheki Slovanská epopej, aliifanya katika jumba la Zbiroh kuanzia mwaka 1910. Ni vitambaa ishirini, na vile vikubwa vina meta 6 kwa meta 8. Mwaka 1928, taifa likisherehekea miaka kumi ya uhuru, aliutolea mji wa Praha zawadi hiyo yote. Wakosoaji wengi waliipokea kwa baridi. Walisema mtindo wake umepitwa na wakati, na kwamba dunia ya 1928 haihitaji tena hadithi za mashujaa.

Wana haki kwa sehemu. Kitambaa cha mwisho, kilichokusudiwa kuonyesha ushindi wa Waslavo wote, kimejaa watu, taji na nuru mpaka mtazamaji hajui aanzie wapi. Hapo Mucha amerudi kuwa mchoraji wa tangazo, na bidhaa ni taifa.

Lakini kitambaa cha kwanza ni kitu kingine kabisa. Ni usiku wa nyota nyingi. Kwa mbali kijiji kinawaka moto na maadui wanakuja na farasi. Mbele kabisa, chini majanini, mume na mke wamejificha, wamechuchumaa, na macho yao meupe yanatutazama kwa hofu. Aliyewahi kukimbia nyumbani kwake usiku hahitaji maelezo ya sanamu hii. Na katika nchi yetu wasomaji wengi wanajua usiku wa namna hiyo. Kitambaa kingine kinaonyesha Moscow siku ya kutangazwa mwisho wa utumwa wa wakulima, mwaka 1861. Tungetazamia furaha na ngoma. Mucha amechora ukungu, theluji, na watu wamesimama bila kujua la kufanya na uhuru wao. Nyuso hizo hazikusafishwa. Alikuwa amekwenda Urusi mwenyewe mwaka 1913, na kwa kazi zake za Zbiroh aliwavika wanakijiji mavazi ya kale na kuwapiga picha kwanza. Pale alipowatazama watu wa kweli, mkono wake ulinyenyekea.

Vitambaa hivyo vilipata taabu kama watu. Wakati wa vita vilikunjwa na kufichwa. Tangu 1963 vilionyeshwa katika mji mdogo wa Moravský Krumlov, karibu na alikozaliwa, mpaka vilipohamishiwa Praha mwaka 2012, na mwaka 2021 vikaonyeshwa tena Moravský Krumlov.

DIRISHA LA KANISA KUU

Mwaka 1931 kilimalizika kioo cha rangi alichochora kwa ajili ya kanisa kuu la Mtakatifu Vito mjini Praha. Humo wamo Watakatifu Sirili na Metodi, mitume wa Waslavo, na katikati mtoto Venseslao pamoja na bibi yake Mtakatifu Ludmila. Rangi za pembeni ni buluu na kijani za kupoa, za katikati ni nyekundu na dhahabu, hata jicho la mwenye kusali linavutwa kwa mtoto na bibi anayemfundisha imani. Ni kitu kizuri kuliko vyote alivyolifanyia Kanisa. Wako wanaotafuta chini ya kioo na kuonyesha kwa kidole, maana pale limeandikwa jina la Banka Slavie, benki iliyolipia kazi. Wanacheka: Mucha hakuacha matangazo hata kanisani!

Mimi sioni aibu. Katika makanisa ya zamani waokaji wa mikate na washona viatu waliolipia madirisha walichorwa chini yake wakifanya kazi zao. Jambo ni kujua nani amekaa juu na nani amekaa chini. Katika tangazo la JOB jina la bidhaa lilikaa mahali pa duara ya nuru. Katika dirisha la Praha jina la benki limekaa chini, miguuni, na duara zimewarudia wenyewe. Alichokichukua kanisani akiwa kijana amekirudisha akiwa mzee wa miaka 71.

Mwezi wa Machi 1939 majeshi ya Hitler yaliingia Praha. Mucha, mchoraji wa Waslavo, alikuwa kati ya watu wa kwanza kushikwa na Gestapo, wakamhoji. Alikuwa mgonjwa wa mapafu. Wakamwachilia, lakini tarehe 14 Julai 1939 akafa, akazikwa katika makaburi ya Vyšehrad pamoja na wakubwa wa taifa lake.

TUSEMEJE BASI?

Wanaomdharau Mucha kwa sababu alichora kwa kuagizwa na kulipwa wamekosa. Hata dirisha la kanisa kuu liliagizwa na kulipwa. Nao wanaosema kwamba sanamu nzuri ni nzuri tu, haidhuru inauza nini, wamekosa vilevile. Uso una kazi. Uso wa mwanamke wa JOB una ufundi mkubwa kuliko uso wa msichana mwenye vitabu. Lakini ule wa kwanza hutuacha tulivyokuwa, na ule wa pili hautuachi. Ningeulizwa nichague kazi moja ya Mucha ihifadhiwe, nyingine zote zikipotea, nisingeichagua Gismonda, ingawa ndiyo iliyompa jina. Ningechagua tangazo lile la shule.

Vijana wetu wanaopaka rangi kuta za maduka na kuandika majina juu ya magari wasione haya kwa kazi yao. Mucha naye alianza kwa kuchora nyuso apate chakula. Wajifunze kwake mstari usiotetemeka, rangi chache zinazopatana, na kumheshimu mtu apitaye njiani kama mgeni wa maana. Nasi tunaonunua kalenda na kuzitundika ukutani nyumbani, mbele ya watoto, tuutazame kwanza uso uliochorwa, tuone umewekwa mahali pa nani, na unatuuliza nini.